Shangazi na Kidari cha Kondoo

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sikusema zamani ya mazimwi na fisi wanaosema. Nasema zamani ambayo mabasi yalikuwepo, tena mengine yalikuwa yameshazeeka. Hapo zamani, juu milimani kwa Wapare, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwamsanga. Kijiji chenyewe kilikuwa mteremko mtupu. Ukidondosha kitunguu shuleni, unakwenda kukiokota gulioni. Shule juu, gulio chini, katikati barabara moja ya udongo.

Shule hiyo ilikuwa na basi la njano iliyopauka. Watoto waliliita Shangazi, kwa sababu lilinung'unika njia nzima na lilichelewa kila siku, lakini halikuwahi kumwacha mtoto nyuma. Shangazi ndiye aliyewabeba watoto wa ng'ambo ya mto. Bila yeye watoto hao hutoka nyumbani giza na kurudi giza, na masika mto ukifura hawaji kabisa.

Sasa tegeni masikio, maana asiyeelewa breki za Shangazi hataielewa kesi. Karibu na magurudumu yake ya nyuma palikuwa na makopo makubwa ya chuma, na ndani ya makopo mlikuwa na springi nene. Springi zile zilikuwa na kazi moja tu, kubana magurudumu. Kinachozizuia ni upepo. Injini ikinguruma, upepo unajaa tangini, unazisukuma springi nyuma, basi linakwenda. Upepo huo huo ndio unaoipa nguvu breki ya mguu dereva akikanyaga. Upepo ukiisha, springi zinafyatuka, zinabana. Ndiyo kusema, gari la mwenzako breki zikiharibika linakimbia ovyo. Shangazi breki zikiharibika, anagoma.

Basi akagoma. Raba ya ndani ya kopo moja ilipasuka, upepo ukatoka fyuuu, springi zikabana, Shangazi akabaki kando ya barabara mbele ya lango la shule, pua ikitazama gulioni. Wazazi wakasukuma, hasogei. Walimu wakaongezeka, hasogei. Wakaja waimba kwaya wakasukuma kwa wimbo, hasogei! Betri ikafa kwa kukaa. Kuku wa mpishi wa shule wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma, na wala hakuna aliyewafukuza.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Mchome, alikuwa mtu wa vikao, lakini hata yeye alichoka na vikao vya basi. Akasimama akasema:

"Siku ya gulio, mnunuzi wa chuma chakavu anapanda huku na lori lake. Shangazi akishuka gulioni kwa magurudumu yake mwenyewe kabla lori halijaondoka, amepona. Asiposhuka, atakatwa vipande hapo hapo aliposimama. Nimemaliza."

Aliyeumia kuliko wote ni Namsifu, dereva wa Shangazi. Mwanamke huyu aliwajua watoto wa ng'ambo kwa sauti zao, anajua nani hutapika kwenye kona na nani husinzia akapitishwa kwao. Alilia machozi hadharani, wala hakuona haya. Kisha akajifuta, akaenda kutafuta fundi.

Mafundi walikuwepo wawili. Wa kwanza Togolai, bingwa wa spana, mtu asiyekaza nati bila kuwaita watu waje kuona. Wa pili Zefania, bingwa wa raba, anayeziba pancha za magari, mipira ya watoto na mabomba ya mashine ya kusaga. Namsifu aliwahitaji wote wawili, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana mabwana hawa walikuwa hawasemeshani. Togolai alimwazima Zefania jeki, jeki ikarudi bila mpini wake. Zefania anasema iliondoka bila mpini. Togolai anasema iliondoka na mpini. Tangu siku hiyo wakikutana njiani kila mmoja anatazama mgomba wa upande wake.

Siku ya gulio ikafika. Asubuhi lori la chuma chakavu likasikika likipanda mlima. Mafundi nao wakafika, mmoja akasimama pua ya basi, mwingine akasimama mkia wa basi.

Togolai akasema, "Dada Namsifu, nianze mimi. Kopo lile halifunguliwi hivi hivi. Ukilifungua springi ikiwa imefyatuka, itakurusha mpaka gulioni, utafika kabla ya basi. Kwanza naingiza bolti ndefu kwa nyuma, nakaza nati, springi inajikunja pole pole, gurudumu linaachia. Nafanya hivyo makopo yote."

Lakini hakuwa mjinga. Kabla ya kuingia chini ya gari alibingirisha jiwe kubwa akalisukumiza mbele ya gurudumu. Kisha akaingia uvunguni, akakaza. Anakaza kidogo, anapumzika, anakaza kidogo, anaita watu waje kuona. Nati ya mwisho ilipokaa, Shangazi akajitikisa, akalalia jiwe.

"Umeona?" Togolai akatoka amejaa vumbi na majivuno. "Sasa magurudumu yako huru. Lakini sikia, dada. Bolti zikiwa humo, Shangazi hana breki ya kusimamia. Kinachomshika ni jiwe hili tu. Usibanduke hapa. Na mwambie huyo bwana wa raba akimaliza aniite, nije nizitoe bolti."

Bwana wa raba alikuwa amesimama hapo hapo, angeweza kumgusa kwa mkono.

"Dada Namsifu," Zefania akasema, "mwambie huyo bwana wa spana kwamba mimi naziba raba. Kazi ya kuita watu sijapewa."

"Mwambie nimesikia!"

"Mwambie sikusema naye!"

Namsifu akageuza shingo huku, akageuza shingo kule, mpaka shingo ikamuuma.

Togolai akaenda kibanda cha chai kusubiri kuitwa. Zefania akafungua kopo, akatoa raba iliyopasuka, akaweka nyingine aliyoitoa kwenye lori bovu, akapima, akakaza, akaziba na matundu ya mabomba ya upepo. Raba ikakaa vizuri, hilo lazima niliseme, maana mtu huyu alikuwa na kiburi lakini mkono wake hauna kasoro. Alipomaliza akafungasha mkoba wake. Je, alimwita Togolai? Thubutu! Alishika njia ya gulioni, akampita mbele ya chai yake bila hata kukohoa. Togolai naye alimwona anapita, akajua kazi imekwisha, lakini akasema moyoni, "Hajaniita." Akaagiza chai nyingine.

Namsifu akabaki peke yake na jiwe. Jua likapanda. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana kwa wasiwasi. Jikoni mwa shule, hatua chache tu ng'ambo ya ua, mpishi akaepua uji, harufu ikavuka ua ikaja ikamshika pua. Namsifu akalitazama jiwe. Jiwe limetulia. Akalitazama tena. Limetulia. Akasema, "Nachukua kikombe, narudi." Lakini uji ulikuwa wa moto, na uji wa moto hauchukuliki mbio. Akakaa kuupuliza.

Ndipo akatokea Bibi Nakiete, amejitwika mkungu wa ndizi, jembe mkononi, anashuka gulioni.

Hapa niwaeleze jambo la Kwamsanga. Kijiji kile kina mwiko mmoja wa barabara: jiwe halilali njiani. Zamani madereva walikuwa wakiharibikiwa mlimani, wanaweka mawe kwenye magurudumu, wakitengenezewa wanaondoka na kuyaacha. Usiku anakuja mwingine, anapanda jiwe, anaingia bondeni. Walizika watu. Tangu hapo wakaapa kwamba atakayeliona jiwe barabarani ni lake, aliondoe, awe mzee, awe mtoto, awe bwana harusi na suti yake. Na hakuna aliyeshika mwiko huo kama Bibi Nakiete, maana mumewe alikuwa mmoja wa waliozikwa.

Akaliona jiwe. Akasimama. Akatua ndizi zake.

"Hee! Jiwe la nini hapa?" akasema. "Shangazi huyu kasukumwa na kijiji kizima hakusogea. Anahitaji jiwe la kumzuia aende wapi? Vijana wa siku hizi hawana adabu na barabara!"

Je, alikosea kuwaza hivyo? Mimi ningewaza hivyo hivyo. Akatia mpini wa jembe chini ya jiwe, akasema bismillahi, akabetua. Jiwe likabingirika mtaroni.

Na Shangazi akaondoka.

Kwanza taratibu, kama mtu anayetoka kikaoni hataki aonekane. Bibi Nakiete akadhani macho yake yanamchezea. Akasema, "Shangazi, unakwenda wapi?" Shangazi hakujibu. Kuku wakaanza kuruka madirishani.

Namsifu aliinua uso kutoka kwenye kikombe, akaona lango la shule halina basi. Uji ulikwenda kwake, kikombe kikaenda kwake. Alivuka ua kwa mbio ambazo hakuwahi kukimbia hata alipokuwa msichana, akalifukuza basi, akashika mlango, akaburutwa, kiatu kikamtoka, akapanda, akaketi kwenye usukani. Akakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka sakafuni, hamna kitu, upepo hamna. Akabonyeza honi. Betri imekufa, honi haina sauti. Basi akatoa kichwa dirishani akawa honi yeye mwenyewe:

"Piii! Piiiii! Pisheni! Piiiii!"

Mbuzi wakapisha. Padri akapisha. Togolai akatoka kibandani na chai yake mkononi, akaliona basi linapita bila breki na bolti zake zinang'aa uvunguni, akapiga kelele, "Hajaniita! Nilisema aniite!"

Mbele yake Namsifu aliliona gulio lote, akina mama na vitunguu vyao na watoto mgongoni. Akashikilia usukani katikati ya barabara. Akaingiza gia. Akaachia klachi. Shangazi akashtuka, akakohoa, akatoa moshi mweusi, akakohoa tena, akanguruma! Injini iliyolala tangu masika ikaamka kwa kuburutwa na mteremko, maana injini ile ya kizamani ikiwashwa hivyo haidai betri wala ufunguo. Ilipoamka, ikaanza kulizuia basi. Basi likapunguza mbio, lakini halikusimama. Na upepo ukaanza kuingia tangini, mshale wa kipimo cha upepo ukapanda, ukapanda. Namsifu akakanyaga breki. Hamna. Akakanyaga. Hamna. Kitunguu cha kwanza kikapasuka chini ya gurudumu. Akakanyaga mara nyingine, na safari hii breki ikashika.

Shangazi akasimama katikati ya gulio, pua imezama kwenye rundo la magunzi ya mahindi, injini inaunguruma, kuku mmoja juu ya paa. Mbele yake lilikuwa lori la chuma chakavu. Mwenye lori alikuwa amepanda juu ya lori lake mwenyewe na hakutaka kushuka.

Hakuna aliyeumia. Gulio zima likalipuka kwa vigelegele. Mzee Mchome akasema, "Ameshuka kwa magurudumu yake mwenyewe. Mimi si mtu wa kula maneno yangu." Wazazi wa ng'ambo ya mto wakachinja kondoo hapo hapo.

Na kondoo akichinjwa, ana kidari. Kwao kidari hakikatwi, hakigawanywi. Anapewa mtu mmoja aliyefanya jambo, anakila mbele za watu. Kikachomwa, kikapambwa juu ya jani la mgomba, mafuta yanachuruzika. Mzee Mchome akauliza, "Nani kamshusha Shangazi?"

Togolai akaruka mbele. "Mimi! Kijiji kizima mlisukuma mkashindwa. Nani alizikunja springi? Nani aliyaacha huru magurudumu? Bila bolti zangu Shangazi angekuwa shuleni anatagiwa na kuku."

Zefania akaja upande wa pili, akimtazama mwenyekiti peke yake. "Mzee, mwambie huyo kwamba kuachia gari si kazi, hata jiwe huachia. Kilichomsimamisha Shangazi ni upepo, na upepo ulikaa kwa sababu ya raba yangu. Bila raba yangu sasa hivi tungekuwa tunazika, hatuchomi nyama."

Bibi Nakiete akafika anahema, jembe mkononi. "Wanangu, betri ilikuwa imekufa. Mngemwashaje Shangazi? Kwa maombi? Mafundi wote wawili walikwenda zao, mmoja chai, mmoja gulioni, basi limesimama. Mimi ndiye niliyemwondoa, na mteremko ndio uliowasha injini. Nileteeni kidari, tena laini, meno yangu ni machache."

Namsifu akasema akiwa na kiatu kimoja. "Mmoja alimwachia, mmoja aliziba, mmoja aliondoa jiwe. Lakini aliyekuwa ndani ni nani? Nilikufa nikafufuka humo. Kidari ni changu."

Watu wakagawanyika. Huku Togolai, kule Zefania, akina mama wote kwa Bibi, watoto wote kwa Namsifu. Kelele juu ya kelele, na kidari kinapoa.

Mzee Mchome akanyanyua mkono. Akatoa ufunguo wa Shangazi mfukoni, akauweka juu ya jani, kando ya kidari.

"Vizuri," akasema. "Atakayekula kidari atachukua na ufunguo. Kuanzia leo Shangazi ni wake kumtunza. Yeye ndiye atakayesema asubuhi basi liende au lisiende. Likifika salama, sifa zake. Watoto wakipatwa na jambo, nitamwuliza yeye, sitamwuliza mwingine. Haya, nani kamshusha Shangazi?"

Walioruka mbele wakarudi nyuma hatua moja. Ukasikia mafuta yakidondoka.

Togolai akajikuna kichwa. "Kusema kweli, Mzee, mimi nilikaza nati tu. Bolti ziliachwa humo, sikuitwa. Tena ningeweza kuja bila kuitwa, niliona mwenzangu anapita. Mpe mwenye raba."

Zefania, kwa mara ya kwanza tangu ile jeki, akamtazama Togolai usoni. "Mimi? Mimi nilijua basi halina breki nikaondoka kwa kununa. Mtu wa kununa apewe watoto? Mpe Bibi, ana busara."

"Busara ipi?" Bibi Nakiete akasema. "Nimeondoa jiwe bila kuuliza. Nimewatia watoto wa watu hatarini kwa jiwe, jambo lile lile nililokuwa nikilikataza maisha yangu yote." Akaliweka jembe chini. "Mpeni dereva."

Wote wakamgeukia Namsifu. Naye ndiye aliyekuwa akiutaka ufunguo ule kuliko kitu chochote duniani. Akanyoosha mkono. Ulipokaribia jani, akaukumbuka mguu wake ulivyozama hamna kitu, na akakumbuka kwa nini hakuwepo kwenye jiwe. Akaurudisha mkono nyuma.

"Niliambiwa nisibanduke," akasema, na machozi yakamtoka tena. "Nikabanduka kwa ajili ya uji."

Mwenye lori la chuma chakavu akashuka pole pole, akajifuta mikono. "Samahani, wazee. Kama halina mwenyewe, basi ni chuma tu. Niwashe mtambo wa kukatia?"

Mzee Mchome akamtazama Togolai, akamtazama Zefania, akamtazama Bibi, akamtazama Namsifu. Mawingu yalikuwa yameshashuka mlimani na mto ulikuwa umeanza kusikika. Watoto wa ng'ambo hawakusubiri hukumu. Walikuwa wameshapanda zamani, wamebanana vitini, kila mmoja mahali pake, mabegi magotini, wanatazama madirishani waone nani atakuja na ufunguo.

Mimi nimefikia hapo, kisu nawaachia ninyi. Na asitokee mjanja wa kuniambia kigawanywe, kidari hakigawanywi na ufunguo haukatwi. Wala asiniambie waitwe mafundi kutoka mjini, mvua haisubiri mafundi wa mjini. Bolti zitatolewa, nati zitakazwa, hilo si swali. Swali ni mtu. Kuna aliyemwachia, kuna aliyemziba, kuna aliyeondoa jiwe, kuna aliyeshika usukani. Kila mmoja amemwokoa Shangazi, na kila mmoja nusura aue watu, na wote wanne wamekiri mbele za watu.

Wewe unayecheka hapo nyuma, anza wewe. Ila kabla hujafungua mdomo, fikiri kwamba mtoto aliyekaa kiti cha mbele ni wako.

Je, nani alistahili?